Mpiga Gitaa Naye ni Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa reli mbele ya mkutano wa wanachama, Mahoo)



Katibu ameniomba niseme machache juu ya maisha ya wapiga muziki wa baa, wale wanaozunguka mji hata mji. Wengi wenu mwajua kwamba kabla sijaandikwa kazi ya gengi katika reli nilipiga gitaa la besi miaka miwili na nusu katika bendi ndogo ya watu 8. Nimekubali kusema, na sababu yangu ni hii. Katika mkutano uliopita, tulipozungumza habari ya dansi ya Mei Mosi, ndugu mmoja alisema bendi haina haja ya kulipwa fedha. Wapewe nyama na kreti mbili za bia, nao watapiga mpaka asubuhi, kwa kuwa wale hawafanyi kazi, wanacheza tu. Watu walicheka, na wengine wakapiga makofi.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Dansi huanza saa tatu ya usiku na kwisha saa kumi ya alfajiri. Lakini mpigaji amekwisha kuanza tangu saa nane ya mchana, akipakia spika, ngoma, waya na jenereta, maana umeme wa baa nyingi si wa kutegemea. Wakati ule barabara kutoka Mwatate kuja Taveta ilikuwa haijatiwa lami. Tulikaa juu ya vyombo nyuma ya pikapu, tukala vumbi jekundu la Maktau na Mbuyuni mpaka meno yakawa kama ya mtu aliyekula matofali. Mara mbili tulizima gari na taa, tukangoja tembo wavuke, maana pale ni mbuga, na tembo hajui kwamba watu wa Taveta wanangoja dansi. Mkifika, mnashusha, mnafunga waya, mnajaribu sauti. Ndipo watu waoga na kuvaa nguo safi waje kuwatazama "mnacheza".

Mtu wa reli akipelekwa nje ya stesheni yake hulipwa posho ya kulala. Ikicheleweshwa, tunaandika barua, na mnajua jinsi tunavyoandika. Mpigaji wa baa hulala juu ya viti vilivyounganishwa, au chini nyuma ya jukwaa, gitaa likiwa mto wake. Si kwa kupenda gitaa, huogopa likiibwa.

Sasa habari ya fedha, maana hapa ndipo penyewe. Nitawapa hesabu ya usiku mmoja mzuri wa mwisho wa mwezi. Bendi hupanga safari zake kwa kufuata mishahara ya watu: mashamba ya mkonge yakilipa, huko ndiko twende, na hapa Taveta twaja siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Usiku huo kiingilio kilikuwa shilingi 200, na waliolipa walikuwa 85. Hizo ni shilingi 17,000. Mwenye baa akakata 3,000 za bawabu na taa, ijapokuwa taa zilikuwa za jenereta yetu. Zikabaki 14,000. Pikapu kwenda na kurudi, 6,000. Zikabaki 8,000. Mwenye vyombo, ambaye hapigi hata kengele, akachukua nusu, 4,000. Nusu ya pili tukagawana watu 8, kila mtu 500. Kisha mwenye baa akaleta daftari la chakula tulichokula, 150 kila mtu. Kwa usiku mzima nilipata shilingi 350, na vidole vimechubuka. Na bia iliyouzwa usiku ule kwa sababu ya muziki wetu hatukuiona hata senti.

Huo ulikuwa usiku mzuri. Mwezi mwingine, katika baa moja ambayo silitaji jina wala mji wake, mvua ilinyesha, watu hawakuja. Mwenye baa alidai tumemtia hasara, akaizuia amplifaya yetu stoo mpaka tulipe fedha za vyumba ambavyo hatukulala. Mpiga solo wetu alikuwa na homa ya malaria. Tulikaa pale siku mbili tukingoja ndugu zetu watutumie fedha kwa simu. Hapakuwa na mkataba, hapakuwa na hata kipande cha karatasi. Tungemshitaki kwa nini? Kila jambo lilikuwa limepatanwa kwa mdomo, mbele ya chupa.

Msidhani ni shida ya bendi ndogo peke yake. Mwajua ndugu Habel Kifoto, Mtaita mwenzetu, na Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi iliyoanzishwa mwaka 1970. Mwaka 1972 walipata ajali mbaya ya barabarani, na bendi ikasimama kwa muda. Mwaka 1977 wakatoka na "Charonyi ni Wasi", kwa Kitaita. Kwa wasiojua lugha yetu, charo ni safari, na jina lenyewe lasema huko safarini si kwema. Lakini Kifoto na wenzake walikuwa askari wenye mishahara. Bendi ikisimama, watoto wao walikula. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi wa Januari 1979, akiwa katika safari za muziki, na nyimbo zake bado zinapigwa katika kila baa ya hapa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Mombasa wakawa Simba Wanyika. Wazee wa Mahoo wanakumbuka jinsi mpaka ulivyofungwa mwaka 1977 usifunguliwe mpaka 1983. Kwa mpigaji aliyezaliwa ng'ambo ya Holili, hiyo ilikuwa miaka sita ya kutokwenda kwao kwa njia ya wazi.

Na kama mtu atasema shida hukoma ukipata jina kubwa, namtazamisha Fadhili William, ambaye naye ni wa Taita. "Malaika" aliyoirekodi imeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, dunia nzima ikaisikia, na mpaka anafariki mwaka 2001 mabishano yalikuwapo juu ya nani aliitunga na nani astahili fedha zake.

Iko njia nyingine, na ilifunguliwa na wafanyakazi kama sisi. Mwaka 1964, chama cha wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wapigaji waliandikwa kazi na kulipwa mshahara kila mwezi. Jina limebadilika mara nyingi, Juwata, OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, lakini bendi iko. Sisemi tawi letu linunue magitaa. Mweka hazina ananitazama vibaya, na fedha tulizo nazo nazijua. Nasema tu kwamba chama cha wafanyakazi kilimwona mpigaji kuwa mfanyakazi zaidi ya miaka 60 iliyopita, wala hakikufilisika kwa hilo.

Kwa hiyo naleta ombi. Bendi itakayopiga Mei Mosi ipewe karatasi iliyotiwa sahihi na Katibu na kiongozi wao. Iandikwe fedha ni ngapi, na nusu ilipwe kabla gari halijaondoka kwao. Iandikwe saa ya kuanza na saa ya kwisha, na wakipita, kuna nyongeza, kama ovataimu yetu. Chakula kisikatwe katika malipo. Pawe na mahali pa kulala penye mlango unaofungwa. Darasa la shule linatosha, nimekwisha kuuliza. Fedha za wapigaji ahesabiwe kila mmoja mkononi mwake, wala asipewe mwenye vyombo zote. Bia wakitaka watanunua wenyewe.

Nimepiga hesabu: tukichanga shilingi 150 kila mwanachama, na tuko 112 katika daftari, tunapata 16,800 kabla ya kiingilio cha wageni. Kamati inakutana Jumatano baada ya soko. Naomba jambo hili liandikwe katika ajenda, na yule ndugu wa kreti mbili aje pia, aseme neno lake mbele ya kamati.