Na Wewe Mama, U Hali Gani?



Somo letu la leo latoka katika Injili ya Marko, sura ya 2, tangu mstari wa 1 hadi wa 12. Ni habari mliyoijua tangu shule ya Jumapili: yule mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu kule Kapernaumu, na kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni, akateremshwa kwa tundu la dari.

Mara nyingi tukihubiri habari hii twamtazama yule aliyelala juu ya godoro. Leo nataka tuwatazame waliolibeba. Marko ametutajia idadi yao: walikuwa wanne. Mtu mzima ni mzito. Godoro lina pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mtu wake. Sasa fikiri, mpendwa msikilizaji: kama mbebaji angalikuwa mmoja tu, angalifika wapi? Pamoja na imani yake yote asingalifika hata mlangoni, sembuse juu ya dari.

Katika vijiji vyetu na mitaa yetu wako watu wanaobeba pembe zote nne peke yao. Nataka kusema juu ya wale wanaomtunza mtu wa nyumbani aliyeumia ubongo.

Twajua mambo haya hutokeaje. Boda boda imegongwa, na aliyeipanda hakuvaa kofia ya chuma. Mwingine ameanguka kutoka juu ya nyumba anayoijenga. Mwingine amepigwa rungu na wezi. Jamaa wanakimbilia hospitali, harambee inafanywa, kanisa linaomba, na baada ya majuma mengi mgonjwa anarudi nyumbani. Jeraha limefunga, anatembea, anakula. Twamshukuru Mungu kwamba amepona. Wageni wanaaga, kila mtu anarudi kwake. Na hapo ndipo kazi ya mkewe, au ya mama yake, inapoanza.

Kwa maana ubongo si kama mfupa wa mguu. Sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, hutusaidia kuzuia hasira, kupanga shughuli, na kupima neno kabla halijatoka kinywani. Ikiumia, mtu mpole aweza kuwa mkali. Mwenye bidii aweza kuketi kutwa nzima asianze kazi yoyote. Mwenye haya aweza kusema maneno ya aibu mbele ya watoto. Atauliza jambo moja mara kumi, kwa kuwa jibu halikai. Mambo haya hayatoki katika ubaya wa moyo, wala hakurogwa. Ni jeraha, ingawa halionekani.

Mwaka wa 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi mmoja wa kazi ya reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwa na mtaimbo wakati baruti ilipolipuka. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba rafiki zake walimwona kuwa si yule mtu waliyemjua. Gage aliweza kufanya kazi tena, hata nchini Chile, akiendesha magari ya farasi. Afya yake ilipodhoofika alikwenda kwa mama yake huko California, na huko akafa mwaka wa 1860. Wanafunzi wa udaktari husoma habari za mtaimbo ule mpaka leo. Ni wachache waulizao habari za yule mama.

Na katika mji wa Glasgow, Uskoti, wataalamu waliwafuatilia jamaa za watu walioumia vichwa vibaya. Taarifa zao za mwaka wa 1981 na wa 1986 zilionyesha kwamba tabia iliyobadilika iliwaelemea jamaa zaidi kuliko ulemavu wa mwili. Tena, baada ya miaka 5, mzigo wa jamaa haukuwa umepungua. Ulikuwa umezidi.

Sasa tazama mambo yalivyo kwetu. Ibada imekwisha, twasalimiana nje ya kanisa. Twamwuliza yule mke, "Mama, mzee anaendeleaje?" Naye hujibu, "Anaendelea vizuri, twamshukuru Mungu." Basi twamwambia, "Vumilia, mama, wewe ni mtu wa imani," kisha twaenda zetu. Hatukumwuliza, "Na wewe mama, u hali gani?" Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa yule anayeutazama ni mwepesi kabisa.

Mama huyu ana msiba usio na matanga. Mjane huliliwa, huletewa chakula, watu hulala kwake. Lakini huyu, mumewe angali hai, ameketi mezani. Mgeni akija, mzee huzungumza kwa adabu, hata ndugu zake wakasema mke ndiye mwenye shida. Mgeni akiondoka, sahani yarushwa ukutani. Atamwambia nani kwamba anamlilia mume aliye mbele yake?

Wako wanaofika mahali pa kuwaza, "Heri angalikufa siku ile." Kisha hujichukia kwa wazo hilo, wakadhani Mungu amewakataa. Ndugu yangu unayesikiliza, dada yangu, wazo hilo halikufanyi kuwa mwuaji wala mpagani. Ni kilio cha mtu aliyechoka kupita kiasi.

Mkumbuke nabii Eliya, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa shujaa wa imani, lakini aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale. Ndipo akapata nguvu za safari, na huko mbele akaisikia sauti ya Bwana. Kama Bwana alimpa mtumishi wake usingizi na chakula kwanza, sisi ni nani hata tumpe mtu aliyechoka hotuba tupu?

Basi nanyi mnaotunza, jiangalieni. Kama kwa majuma 2 au zaidi hupati usingizi hata mgonjwa anapolala, chakula hakipiti, hufurahii lolote, walia bila kujua sababu, au hasira yako yawaangukia watoto, nenda kwa daktari. Huenda ni ugonjwa uitwao sonona, nao una matibabu kama malaria ilivyo na matibabu. Kutumia dawa si kukosa imani. Na mtu akiwaza kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku iyo hiyo.

Neno jingine lazima nilitamke wazi. Uvumilivu wa Kikristo si kukubali kupigwa. Kama aliyeumia amekuwa wa kupiga watu, toka wewe na watoto, mkimbilie kwa jirani, kisha daktari aelezwe yote bila kuficha. Hasira ya namna hiyo yaweza kusaidiwa, lakini si kwa wewe kuumizwa kimya kimya.

Nanyi washarika wenzangu, godoro lina pembe nne. Pembe ya kwanza ni saa za kupumzika: wazee wawili wa kanisa waketi na mgonjwa kila Alhamisi alasiri, ili mama aende sokoni au alale tu. Pembe ya pili ni riziki: shamba lilimwe, karo ya watoto itazamwe, kwa maana harambee ya siku ya ajali imekwisha zamani. Pembe ya tatu ni safari ya kliniki: mtu aende naye, asikie anayosema daktari, akawaeleze wakwe kwamba hili ni jeraha. Pembe ya nne ni sikio: mtu mmoja mwaminifu wa kuambiwa yote, asiyehukumu, asiyepeleka maneno kisimani. Umoja wa akina mama na umoja wa akina baba katika kila parokia waweza kuzigawana pembe hizi juma hili. Na msichoke baada ya mwezi mmoja, kwa maana safari hii ni ya miaka.

Marko atuambia kwamba Yesu aliiona imani yao, imani ya wale wabebaji. Aliyaona mabega yao, na vumbi la dari vichwani mwao. Anakuona na wewe.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyechoka ukaketi kando ya kisima, wakumbuke wote wanaokesha usiku huu kando ya mpendwa asiyekuwa kama alivyokuwa. Wape usingizi. Wape chakula. Wape watu wa kushika pembe zilizobaki, na uanze na sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.