Muziki wa gemu na watunzi waliofichwa



Jioni hii nataka tuzungumzie muziki ambao wengi wetu tumeusikia mara nyingi bila kuuhesabu kuwa ni muziki. Ni ile milio iliyokuwa ikitoka kwenye televisheni sebuleni, miaka ya themanini na tisini, watoto wakicheza gemu. Mzazi akipita alikuwa na neno moja tu: punguzeni makelele!

Makelele yale yalitungwa na watu, tena kwa taabu kubwa. Chukueni kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka 1982. Kifaa chake cha sauti, kilichoitwa SID, kiliweza kutoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Sasa mtunzi anataka besi, anataka ngoma, anataka gita na kinanda. Afanyeje? Waingereza kama Rob Hubbard na Martin Galway walipata ujanja. Noti tatu za kodi walizipiga moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, hata sikio likadhani zinalia kwa pamoja. Besi na ngoma wakazipokezanisha sauti ile ile moja, kila mmoja akisubiri mwenzake anyamaze.

Mtambo wa Nintendo, uliotoka Japani mwaka 1983, ulikuwa na sauti tano. Mbili zilibeba wimbo, ya tatu mara nyingi ilikuwa besi, ya nne ilikuwa mvumo mtupu, kama wa redio iliyopoteza stesheni, na huo ndio uliokatwa vipande vipande ukawa ngoma. Ya tano ilitoa vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Kwa zana hizo Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo mkuu wa gemu hiyo katika sajili ya taifa ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa. Ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupewa heshima hiyo.

Lakini Kondo ni miongoni mwa wenye bahati, maana jina lake linajulikana. Siku zile, huko Japani, kampuni nyingi hazikupenda kuandika majina ya kweli ya watunzi wao. Ziliogopa washindani wasije wakawarubuni. Gemu ya Mega Man ya mwaka 1987, kwa mfano, ilitungiwa muziki na mwanamke aitwaye Manami Matsumae. Ukiimaliza gemu yote, orodha ya watengenezaji inakuonyesha "Chanchacorin Manami". Hilo ni jina la utani. Mtoto wa Chicago au wa Kariakoo aliyeimba nyimbo zile kwa mluzi angemjuaje? Hata kwetu jambo hili si geni. Angalieni majalada ya santuri za dansi za zamani: jina la bendi limeandikwa kwa herufi kubwa, na yule aliyepiga solo iliyouza santuri hatajwi popote.

Waliokuja kulirekebisha jambo hili ni mashabiki. Watoto wale walikua, wakajifunza kupiga ala, wakanunua kompyuta, na intaneti ilipoenea mwishoni mwa miaka ya tisini wakaanza kuzipanga upya nyimbo za utoto wao na kupelekeana. Huyu anaugeuza wimbo kuwa jazi, yule anaupigia magita ya roki, mwingine anauketisha kwenye piano peke yake, taratibu. Mwaka 1999 Mmarekani David Lloyd alianzisha jumuiya iitwayo OverClocked ReMix ya kukusanya kazi hizo. Kazi hupimwa kwanza kabla ya kupokewa: kunakili tu hakukubaliki, na ukiubadilisha wimbo hata asili yake isitambulike, haupokewi pia. Zilizopita zinatolewa bure. Na pembeni ya kila moja yameandikwa jina la gemu na jina la mtunzi wa kwanza. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II, wa mwaka 1991, ilitungwa na mwanamke aitwaye Yoko Shimomura.

Mwaka 2008 kampuni ya Capcom, yenye gemu hiyo, ilipotoa toleo jipya la Street Fighter, muziki wake ilikabidhiwa jumuiya hiyo hiyo ya mashabiki. Nami naona hilo ni kubwa kuliko tuzo. Ila tuzo nazo zimekuja. Mwaka 2022 bendi ya jazi ya New York, The 8-Bit Big Band ya Charlie Rosen, ilipata Grammy kwa kupanga upya muziki wa Kirby Super Star, gemu ya mwaka 1996. Na kabla yake, mwaka 2011, wimbo wa kwanza wa gemu kupata Grammy uliimbwa, wasikilizaji wangu, kwa Kiswahili! Ni "Baba Yetu", Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Kwaya nyingi duniani zinauimba leo, nyingine zikiyatafuna maneno yetu vibaya sana, lakini zinauimba.

Kuna upande wa fedha, nao si mtamu. Anayeupanga wimbo upya hawi mwenye wimbo. Haki hubaki kwa kampuni, na mara nyingi hata mtunzi wa kwanza hana haki hiyo, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Kwa hiyo kijana anaweza kukesha mwezi mzima juu ya wimbo asioruhusiwa kuuuza bila leseni, na bado akaona amepata faida. Ukimwuliza, atakuambia anajifunza.

Wapo waliojifunza kweli kweli. Jake Kaufman wa Marekani alianza hivyo, akitoa kazi zake bure kwa jina la Virt. Baadaye akawa mtunzi wa gemu kwa kazi. Mwaka 2014 alitunga muziki wa Shovel Knight, kwa mtindo ule ule wa sauti chache za Nintendo. Nyimbo mbili za gemu hiyo hakuzitunga yeye. Zilitungwa na Manami Matsumae wa Mega Man, na safari hii jina lake limeandikwa lote.