Gitare ya Wazee na Gitare ya Vijana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini katika juma la Jubilei ya parokia)





Kamati ya Jubilei imeniomba niseme kidogo juu ya gitare. Labda wengine watauliza: je, katika sikukuu kubwa kama hii hakuna jambo la maana kuliko gitare? Lakini ninyi mnajua ya kuwa mabishano makali ya kwaya zetu hayatoki katika imani. Yanatoka katika gitare. Wazee husema: «Vijana wanapiga kelele.» Vijana hujibu: «Wazee wanatulaza usingizi.» Kwa ajili ya maneno hayo wengine wameacha kuja kwenye mazoezi, na kila mmoja hubaki nyumbani na gitare yake. Basi inafaa tutazame tofauti hii imetoka wapi.

Tuanze na wazee. Baada ya vita kuu ya pili, watu wengi waliacha vijiji vyao wakaja kufanya kazi katika miji ya shaba na ya reli: Elisabethville, Jadotville, Kolwezi. Jioni, katika kambi za wafanyakazi, mtu mmoja aliketi mbele ya nyumba na gitare kavu, yaani gitare isiyo na umeme. Kidole gumba kilishika sauti nene, kidole cha pili kiliimba sauti za juu. Na aliyesikia kwa mbali alidhani wapigaji ni wawili. Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu walionyesha ya kuwa viwili vyatosha kwa wimbo mzima.

Aliyejulikana kuliko wote ni Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya katika inchi ya Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji ambao tangu 1966 huitwa Likasi, akaichukua sauti yake katika mashine. Wimbo wake «Masanga» ulienea mbali sana, hata wataalamu wa Ulaya wakaandika alama zake kwenye karatasi ili waelewe namna vidole vile viwili vinavyofanya kazi. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga Newport, Marekani. Pamoja naye twawakumbuka Edouard Masengo na Losta Abelo. Mwenda na Masengo walifika hata Nairobi, na wapigaji wa Kenya walijifunza kwao.

Gitare ile ilikuwa gitare ya masimulizi. Ilizungumza juu ya kazi, mapendo, fedha na kifo, mara nyingi kwa Kiswahili chetu, na ilihitaji watu wanyamaze. Kwa hiyo mzee, anaposikia muziki, hutafuta kwanza neno. Asipolisikia neno, husema hakuna wimbo.

Lakini tusisahau waliofuata. Katika miaka ya 1950 gitare ya umeme ilianza kusikika Léopoldville. Mwaka 1956 Franco na wenzake walianzisha OK Jazz. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alipiga katika African Jazz ya Joseph Kabasele. Nao walikuwa Bruxelles mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, ulipozaliwa wimbo «Indépendance Cha Cha». Kazi ambayo Mwenda aliifanya peke yake sasa iligawanywa: mmoja anasindikiza, mmoja anaimba kwa nyuzi, na baadaye wa tatu, anayeitwa mi-solo, anasimama kati yao. Redio ilizileta nyimbo hizo hata Katanga, kwa Kilingala, na wapenzi wa gitare kavu walinung'unika.

Kisha, mwaka 1969, vijana wengine wa Kinshasa walianzisha Zaïko Langa Langa. Waliacha tarumbeta na saksofoni, wakaipa ngoma nguvu, wakairefusha sebene, yaani sehemu ile ambapo maneno hukoma na gitare huzunguka na kurudia ili watu wacheze. Katika miaka ya 1980 akaongezeka atalaku, mwenye kupaza sauti na kuwachochea wachezaji. Nani walionung'unika safari hii? Ni wale wale waliokuwa wakimshangilia Nico katika ujana wao. Mzee wa leo ni kijana wa jana. Naye kijana wa leo, anayejifunza sebene katika simu yake, atanung'unika kesho mbele ya watoto wake.

Ndugu zangu, tofauti hii haitoki masikioni. Inatoka katika kazi ambayo gitare ilipewa. Gitare ya mtu mmoja hubeba mzigo wote: wimbo, mwendo na neno. Gitare ya orkestra ni kiungo kimoja katika mwili. Lazima irudie, ingoje, iwaachie wengine nafasi. Mzee anayepima sebene kwa maneno yake ni kama mtu apimaye unga kwa mita. Na kijana anayeidharau gitare kavu kwa sababu haimwinui katika kiti, naye amechukua kipimo kisicho chake.

Sasa tuingie kanisani. Zamani Misa yetu ilikuwa ya Kilatini, na chombo chake kilikuwa harmonium. Gitare ilihesabiwa kuwa kitu cha pombe na cha dansi. Mwaka 1958, kule Kamina, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba Missa Luba, na ngoma za wazazi wetu zikaingia katika sala. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikubali vyombo vingine pia, mradi vifae au viweze kufaa kwa ibada, vipatane na heshima ya hekalu na kuwajenga waamini. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa taratibu ya inchi yetu, yenye nyimbo na mwendo wa mwili. Basi wazee wangu, gitare kavu mnayoiita leo «gitare ya sala» nayo ilingoja mlangoni kabla ya kuingia.

Lakini vijana nao wasikie. Maagizo ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967, yaitwayo «Musicam Sacram», yasema sauti ya vyombo isiyafunike maneno hata yasieleweke, na vyombo vinyamaze padri anaposema sehemu iliyo yake. Hayakusema umeme ni mbaya. Yalisema neno lisikike. Katika jambo hilo sikio la mzee lina haki, na bafle lazima itii.

Kuna hatari moja kubwa. Docteur Nico alifariki mwaka 1985, Franco mwaka 1989, Mwenda mwaka 1990. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, nasi tulifurahi. Lakini orodha haifundishi vidole. Diski hutunza sauti, haionyeshi gumba limekaa wapi. Ujuzi ule hupatikana kwa kuketi karibu na mwenye nao, na wenye nao wanapungua kila mwaka. Mzee akikataa kufundisha kwa hasira, na kijana akikataa kuuliza kwa kiburi, tutazika vyote viwili, mtu na wimbo wake.

Kwa hiyo naleta shauri. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, mzee mmoja na kijana mmoja waketi pamoja kwa saa moja. Mzee afundishe mwendo wa vidole viwili. Kijana amfundishe mzee kwenda pamoja na ngoma bila kuikimbia. Siku ya Misa, waamini wanapoleta matoleo kwa shangwe, gitare za vijana ziongoze mwendo. Baada ya komunyo, watu wanapohitaji utulivu, bafle zizimwe, na gitare kavu ya mzee iseme polepole. Hivyo kila gitare itapata kazi yake ya kweli, wala hakuna atakayebaki nyumbani.

Mungu awabariki wazee waliotutangulia katika parokia hii, awape pumziko wale waliolala, na awape vijana wetu moyo wa kusikiliza. Jubilei njema kwenu nyote.