Nyumba kwa Kadiri ya Pato

Mume na mke walioazimia kujenga, na waketi jioni moja, daftari baina yao, waandike pato la kila mmoja, karo, chakula, matibabu na deni lililosalia. Kisha kinachobaki kila mwezi, wala si wanachokitamani, ndicho kiwe kadiri ya nyumba yao, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wasihesabu matofali na mabati peke yake, bali na upimaji wa kiwanja, hati, maji na umeme. Tena, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Basi ikiwa kuiuza kwahitaji shauri la wawili, seuze kuijenga?