KINACHOTUPWA BAHARINI KIINGIZWE DAFTARINI



Katika ofisi yo yote inayotunza mali ya umma, daftari lina pande mbili. Upande mmoja huandikwa kilichoingia na upande wa pili huandikwa kilichotoka. Karani anayejaza upande mmoja tu hawezi kusema kwamba ametunza hesabu, hata kama mwandiko wake ni mzuri na jumla yake haina kosa. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, kwa miaka mingi, katika pwani ya Afrika Mashariki na katika bahari nyingine za joto duniani, uvuvi wa kamba kwa meli kubwa umehesabiwa zaidi kwa upande mmoja. Tani za kamba waliogandishwa na kupakiwa katika maboksi ziliandikwa. Kaa, kamba wachanga, kambakochi na viumbe wengine wa jamii hiyo waliovutwa na wavu ule ule, kisha wakatupwa, mara nyingi hawakuandikwa kabisa, au walitiwa pamoja na samaki wasiotakiwa na kuitwa takataka.

Mazungumzo haya yanahusu upande huo wa pili wa daftari.

Kwanza hapana budi kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kamba hukaa juu ya tope au mchanga, au hujifukia ndani yake, karibu na midomo ya mito mikubwa. Kwa sababu hiyo meli inayomtafuta hupitisha wavu wake chini kabisa. Wavu huo una umbo la mfuko mrefu. Mdomo wake hutanuliwa na mbao mbili nzito zinazokokotwa pande zake, na mbele yake huweza kutangulia mnyororo unaotifua tope ili kamba washtuke na kuruka. Macho ya wavu ni madogo, maana kamba mwenyewe ni mdogo. Wavu hukokotwa kwa muda wa saa kadhaa, kisha huinuliwa na kumwagwa juu ya sitaha ya meli.

Wavu wa namna hiyo hauna uwezo wa kuchagua. Mnyororo unaomshtua kamba humshtua pia kaa aliyejificha, kamba mchanga ambaye hajafikia kipimo cha soko, kambakochi, na wale viumbe wenye mikono inayokunjwa mfano wa vunjajungu. Wote huingia katika mfuko mmoja pamoja na samaki. Mabaharia huanza kwa kuwatenga kamba wakubwa, kwa sababu hao ndio fedha na ndio wanaoharibika upesi. Yaliyobaki husukumwa baharini baadaye.

Ukubwa wa hasara hiyo umekwisha kupimwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2005, lilikadiria kwamba wavuvi wa dunia walikuwa wakitupa tani milioni 7.3 kwa mwaka katika kipindi cha kuanzia mwaka 1992 hadi 2001. Uvuvi wa kamba kwa nyavu za kukokota katika bahari za joto peke yake ulichangia zaidi ya asilimia 27 ya mali hiyo iliyotupwa, ingawa kamba ni sehemu ndogo tu ya mavuno yote ya bahari.

Baadhi ya watu hudhani kwamba jambo hili lilikwisha kutatuliwa. Fikra hiyo ina asili yake. Mnamo mwaka 1989 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia kamba kutoka nchi ambazo meli zao hazina kinga ya kuwaokoa kasa. Sheria hiyo ilizusha mabishano makubwa yaliyofika mbele ya Shirika la Biashara Duniani, ambalo lilitoa uamuzi wake mwaka 1998. Nchi nyingi zilianza kufunga katika nyavu kizuizi cha vyuma vilivyopangwa kama fito za dirisha. Kasa akigonga fito hizo huelekezwa kwenye mlango na kutoka salama, na kamba hupenya katikati ya fito na kuingia mfukoni.

Kifaa hicho ni kizuri na kimefanya kazi yake. Lakini fito zake huachana kiasi cha sentimeta 10, na palipo na nafasi ya kamba kupita, kaa mdogo hupita pia. Huko kaskazini ya Australia kizuizi cha kasa pamoja na tundu la kutorokea samaki vililazimishwa kisheria mwaka 2000. Utafiti wa uvuvi huo uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kasa walionaswa walipungua kwa asilimia 99. Viumbe wadogo walionaswa walipungua kwa asilimia 8 tu. Tarakimu hizo mbili zinatosha kuonyesha tofauti. Kasa alipata mtetezi na akaokolewa. Kaa na kamba mchanga walibaki mfukoni.

Sasa na ielezwe kwa nini viumbe hao si takataka.

Hasara ya kwanza ni ya kamba mwenyewe. Kamba jike hutaga mayai yake baharini, kwa maelfu mengi kwa mara moja. Vifaranga wake huelea na maji, hubadilika umbo mara kadhaa, na baada ya wiki chache huingia katika vijito vya mikoko. Humo hupata chakula na maficho kwa miezi michache, kisha hurudi baharini kukomaa na kuzaa. Delta ya Rufiji, yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, ni malezi makubwa ya namna hiyo katika Tanzania. Kamba wanapotoka humo wangali wadogo. Meli ikikokota wavu mahali hapo kwa wakati huo, huwavua kabla hawajazaa hata mara moja. Hawafai kwa soko la nje, kwa hiyo wengi hutupwa. Mkulima akiwaona watu wakiing'oa mihogo ikiwa na umri wa mwezi mmoja na kuitupa kando ya shamba, hatahitaji mtaalamu wa kumweleza kinachoharibika.

Hasara ya pili haionekani upesi, nayo inamhusu kaa koko. Kila mkazi wa delta anamfahamu kaa huyu mkubwa anayechimba shimo lake katika tope la mikoko. Wengi humwona kama kiumbe wa nchi kavu na tope, asiyehusiana na meli zilizo mbali. Ukweli ni kwamba kaa jike akiisha kupandwa na kubeba mayai, huuacha mkoko na kusafiri kuelekea bahari ya wazi, kwa sababu vifaranga wake wanahitaji maji yenye chumvi kamili. Mwaka 1994 mtaalamu wa Australia alichapisha matokeo ya uchunguzi wa kaa majike wa aina hiyo hiyo walionaswa na meli za kamba. Walipatikana katika kina cha meta 10 hadi 60, na baadhi yao walikuwa kilomita 95 kutoka pwani. Kila mmoja wao huweza kubeba mamilioni ya mayai chini ya tumbo lake.

Hapo ndipo mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa mbali yanapokutana. Kaa jike anayepita chini ya bahari kwenda kuzaa hupita katika uwanja ule ule unaokokotwa nyavu. Ni kweli kwamba kaa ni mgumu kuliko samaki. Samaki aliyemwagwa juu ya sitaha hufa upesi, na kaa huweza kuishi kwa muda maadamu mashavu yake yana unyevu. Lakini kaa huyo amebanwa chini ya shehena nzito, pengine amekatika magando na miguu, na amekaa juani mpaka kamba wote wametengwa. Aliyejivua gamba karibuni bado ni laini, naye hupondeka. Jike akiokoka mwenyewe, mayai yake huweza kukauka.

Ni nani basi anayelipa gharama hiyo? Mwenye meli haimgusi, kwa kuwa hakuja kutafuta kaa. Mnunuzi wa kamba katika nchi ya mbali hana habari nayo. Gharama humwangukia mvuvi wa delta anayeingia matopeni wakati wa maji kupwa, akiwa na kulabu mkononi, akapita shimo baada ya shimo bila kumpata kaa. Humwangukia mama aliyejiunga na wenzake katika kikundi cha kunenepesha kaa vizimbani, maana kazi yao hutegemea kaa wadogo wanaokamatwa porini. Katika miaka ya karibuni kaa hai wamekuwa bidhaa inayouzwa nchi za nje, na familia nyingi za pwani zinapata ada za shule kutokana nao. Mali hiyo inapopungua, watu hao hawapelekewi hati ya madai. Huona tu kwamba kapu linarudi nusu, nao huambiwa kwamba bahari imebadilika.

Serikali za nchi hizi hazikukaa bila kuchukua hatua. Tanzania iliyagawa maji ya uvuvi wa kamba katika kanda, ikaweka majira ya kufunga uvuvi, na kuziamuru meli zifanye kazi mchana. Mavuno yalipoendelea kushuka na malalamiko ya wavuvi wadogo yalipozidi, meli za kamba zilisimamishwa, na kufikia mwaka 2008 zilikuwa zimetoka majini. Nchini Kenya, katika Ghuba ya Ungwana ambako mito ya Tana na Sabaki inamwaga maji yake, uvuvi wa meli ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu zinazofanana. Ulifunguliwa tena mwaka 2011 kwa masharti makali zaidi: meli chache, kazi ya mchana tu, majira ya kufunga, na kizuizi cha kasa katika kila wavu.

Hatua hizo zinastahili sifa. Lakini zilikuja baada ya mavuno ya kamba kuanguka. Kama upande wa pili wa daftari ungekuwa umejazwa tangu mwanzo, kupungua kwa kaa na wingi wa kamba wachanga katika nyavu vingetoa onyo mapema.

Haki inataka yasemwe na yaliyo upande wa meli. Kamba walileta fedha za kigeni ambazo nchi changa zilizihitaji, na meli ziliwapa vijana kazi na ufundi. Kadhalika si kila upungufu unatokana na meli. Ukataji wa mikoko huharibu malezi ya kamba na kaa, na nyavu za macho madogo zinazovutwa ufukoni na baadhi ya wavuvi wadogo huwaua wachanga kwa wingi. Hoja hizo ni za kweli. Lakini zote zinadai kitu kimoja, yaani hesabu kamili. Haiwezekani kujua kama faida ya kamba ilizidi hasara ya kaa ikiwa hasara haikuandikwa.

Yapo mambo yanayowezekana. La kwanza, leseni ya meli ya kamba idai kwamba viumbe wanaotupwa waandikwe kwa aina na uzito, na kaa majike wenye mayai wahesabiwe peke yao. Mwangalizi aliye melini apewe karatasi yenye nafasi ya kuandika mambo hayo, na ofisi inayoipokea iisome. La pili, majira na mahali pa kufunga uvuvi vipangwe kwa kufuata safari za kamba wachanga na za kaa wanaokwenda kuzaa, kwa kuwa fito za chuma haziwezi kuwatenga. La tatu, muda wa kukokota ufupishwe, shehena imwagiwe maji ya bahari, na kaa walio hai warudishwe kwanza kabla ya kazi ya kutenga kamba. Mambo hayo yanakubaliana na miongozo ya kupunguza mavuno yasiyokusudiwa ambayo Shirika la Chakula na Kilimo liliitoa mwaka 2011. Utekelezaji wake unahitaji karani mwaminifu kuliko mtambo wa bei kubwa.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto wa Kibiti, wa Kilwa au wa Kipini hujifunza shuleni maisha ya chura na ya kipepeo. Afundishwe pia maisha ya kaa koko: jinsi anavyozaliwa baharini, anavyokulia mkokoni, na anavyorudi baharini kuzaa. Somo hilo linaweza kutolewa kando ya kijito, kwa kaa mmoja aliyekamatwa asubuhi na kuachiwa mchana. Mtoto aliyelielewa ataona kwamba shimo lililo nyuma ya nyumba yao na meli iliyo upeo wa macho vimo katika hesabu moja. Kesho huenda yeye ndiye atakayekuwa mwangalizi melini, au ofisa anayetia sahihi leseni.

Ndugu watumishi wa umma na ndugu walimu, bahari ya pwani hii ni mali ya wananchi, na mali ya wananchi haitunzwi kwa kuhesabu kile tu kilichopata mnunuzi. Siku ombi la leseni ya kamba litakapoletwa mezani likiwa na tani zinazotarajiwa na fedha zitakazopatikana, ofisa mwenye kalamu ana swali moja la haki la kuuliza kabla ya kutia sahihi: na kitakachotupwa je, ni kiasi gani, ni cha aina gani, na ni chakula cha nani?