Waambie Wakuandikie

Leo nataka tuzungumze kuhusu lile neno unaloambiwa pale dirishani hospitalini, saa nne usiku, mgonjwa wako amelala kwenye machela: "Kadi imekataa."

Kadi haikatai, ni plastiki tu. Aliyekataa ni mtu, ana sababu yake, na sababu hiyo imeandikwa mahali. Wengi wetu hatuiulizi. Twatoka nje, twafungua grupu ya WhatsApp, twaweka namba ya M-Pesa. Hata mimi nishafungua hiyo grupu.

Mamangu alipata kiharusi. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amemkatia bima, na kila mwaka akilipa. Siku mbili za kwanza hospitali ilikuwa sawa na sisi. Siku ya tatu tukaambiwa kwa mdomo tu kwamba bima hailipi, ati mama alikuwa na presha kabla ya kuandikishwa. Tukaanza kuchanga. Wajomba, majirani, mpaka mama anayeuza viazi karai pale mtaani akatuma shilingi 50. Hiyo 50 yaniuma hadi leo kuliko bili yenyewe.

Wiki tatu baadaye binamu yetu, yeye ni karani kwa wakili, akatuuliza: "Barua yao mumeiona?" Barua gani? Hatukuwa tumeona chochote. Tukaandika, tukaomba sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya fomu tuliyotia sahihi. Zilipokuja tukaona mambo mawili. La kwanza ni aibu yetu. Kwenye swali la presha ajenti alitia alama ya "hapana", na ndugu yangu akatia sahihi chini bila kusoma. La pili, masharti yao wenyewe yalisema ugonjwa wa zamani hulipiwa baada ya kungoja mwaka mmoja, na mama alikuwa na miezi 16 ndani ya bima. Tukawajibu kwa kifungu chao hicho hicho. Wakalipa sehemu. Si yote, lakini kama tungenyamaza tusingepata hata hiyo.

Na nyinyi mlio na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, sikizeni. Kujisajili si kulipa. Ukiwa umesajiliwa tu, unatibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya chini. Kulazwa ni mambo mengine, lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Sisi wa boda, wa duka, wa mitumba, tunapimwa uwezo, halafu twaambiwa tulipe ya mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Jamani, ni wangapi hapa wanaoshika pesa ya mwaka mzima kwa siku moja? Hilo ni jambo la kulisemea, na tutalisemea. Lakini usingoje mzee azidiwe ndio uangalie kama mchango wake uko sawa.

Sasa mgonjwa akiwa wa dharura, hapo habari ya kadi haipo kabisa. Katiba, Kifungu cha 43(2), yasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2015 hapo Nairobi kijana aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulansi saa 18 akitafutiwa kitanda, na akafa. Kifungu hicho kilikuwepo tayari. Kwa hivyo kitaje pale dirishani, kwa adabu, na kwa sauti inayosikika.

Na wakikuzuilia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya bili, Mahakama Kuu ilishaamua mwaka huo huo wa 2015, kwenye kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, kwamba haki zao zilivunjwa. Deni linabaki deni, mtalipana. Lakini mtu si rehani.

Ukikataliwa, sema hivi: "Nipe sababu kwa maandishi." Kama ni ofisi ya serikali, Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo, na malalamiko yanapelekwa kwa Ombudsman. Kama ni kampuni ya bima, kuna mamlaka inayosimamia bima nchini, IRA, nayo hupokea malalamiko. Weka tarehe, jina la uliyezungumza naye, na kila risiti. Piga picha karatasi zote, maanake karatasi hupotea zinapohitajika.

Mamangu sasa atembea na mkongojo. Fomu ya mwaka huu tulimsomea sebuleni, swali moja moja, ajenti amekaa kando na chai yake. Tulipofika kwa presha mama akamwangalia ndugu yangu, akasema, "Andika ndiyo. Andika kubwa."