Mvuto wa Dunia na Debe la Maji

Wazee na akina mama wa Keumbu, katika elimu ya maumbile kazi hufanyika nguvu isogezapo kitu. Debe la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mama alipandishaye kutoka mtoni kimo cha mita 50 hushindana na mvuto wa dunia. Kazi yake ni juli 9,800 hivi, mbali na uzito wa mwili wake. Lakini maji hayo jua lilikwisha kuyapandisha bila ujira, yakawa mawingu, kisha mvua. Yakiachwa kuteremka bure kuelekea Mto Gucha, mama huyarudisha kwa shingo yake. Basi mwenye nyumba ya bati na atie mifereji na tangi: maji yakingwe yangali juu.